Baba ameacha nyumba na madeni Málaga: je, nitie sahihi ya kukataa urithi wake?

SWALI

Mheshimiwa Wakili,

Baada ya salamu na heshima, naomba ushauri wako kuhusu jambo linaloninyima usingizi tangu baba yangu alipofariki Málaga katikati ya mwezi wa Machi mwaka huu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mama yangu ni mtu wa Kisauni, na baba alikuwa Mhispania wa Granada aliyekuja pwani kufanya kazi ya hoteli, akasilimu, akamwoa mama, na wakaachana nilipokuwa bado nasoma shule ya msingi. Alinisajili katika ubalozi wa nchi yake, kwa hiyo nina uraia wa Uhispania, na kwa miaka mingi sasa ninaishi Getafe, karibu na Madrid, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, msichana wa miaka 16 na mvulana wa miaka 9.

Aliporudi kwao baba alioa tena na akapata mtoto wa kiume. Mke huyo wa pili alitangulia mbele ya haki miaka michache iliyopita, kwa hiyo tuliobaki ni watoto wawili tu: mimi na huyo mdogo wangu, ambaye hajaoa wala hana mtoto. Yeye anaishi Málaga, alikuwa akimsaidia baba katika mkahawa, na ndiye anayeshika karatasi zote. Anasema baba hakuacha wasia, lakini hajanionyesha cheti chochote.

Mali ninayoijua ni nyumba ya ghorofani ambayo wakala aliikadiria kuwa ya yuro 190,000, na yuro 7,400 zilizoko benki. Madeni niliyoonyeshwa ni yuro 84,000 zilizosalia katika mkopo wa nyumba, yuro 48,000 za mkopo wa benki uliochukuliwa wakati mkahawa ulipofungwa mwaka 2020, yuro 23,000 za michango ya hifadhi ya jamii, na yuro 11,500 za wauzaji wa vyakula na vinywaji. Mkahawa haukuwa kampuni. Baba aliuendesha kwa jina lake mwenyewe. Imekuja pia barua ya ofisi ya kodi yenye faini ya yuro 2,800, na ndugu yangu aliwahi kutaja kwa haraka kwamba baba alimdhamini rafiki yake benki, ila hajui ni kiasi gani.

Sasa ndugu yangu ananitaka niende Málaga Ijumaa ijayo kwa notari (ofisa wa kuandika na kuthibitisha hati) aliyemchagua yeye, nitie sahihi hati ya kukataa urithi kwa faida yake, naye atanipa yuro 6,000 mkononi. Anasema nikikataa kutia sahihi nitakamuliwa na kodi ya mirathi, na kwamba nisipotia sahihi kwa hiari atanitumia karatasi ya notari ya kunilazimisha. Mpaka sasa mimi nimelipa gharama za mazishi na ninao ufunguo mmoja wa nyumba. Yeye amekwisha kuuza majokofu na meza za mkahawa, ananihimiza nichukue gari la baba, na mtu aliyepanga nafasi ya baba ya kuegeshea gari ameniandikia akiuliza kodi ya kila mwezi ailipe kwangu au kwa nani.

Mama naye, kutoka Mombasa, ananiambia kwamba roho ya maiti hufungika kwa deni lake na kwamba mtoto hawezi kuliacha. Mjomba anasema kukataa mirathi ya baba ni kumkana baba. Nami nina nyumba ninayoilipia mkopo na watoto wa kusomesha. Naomba uniambie: nikatae au nikubali?

Wako,
Mtoto wa Kwanza, Getafe

JAWABU

Dada yangu,

Poleni sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu na awape subira.

Nitaanza na lile lenye haraka: usitie sahihi hati hiyo Ijumaa. Ninasema hivyo kwa sababu hati anayoitaka ndugu yako, ingawa imepewa jina la kukataa urithi, mbele ya sheria ya Uhispania ni hati ya kuukubali. Kifungu cha 1000 cha Código Civil, ile kanuni kuu ya sheria za kiraia ya mwaka 1889 ambayo bado inatumika, kinasema kwamba mrithi anayeuza haki yake, au anayejitoa kwa malipo kwa ajili ya warithi wenzake, huhesabiwa kuwa ameupokea urithi kwanza na kisha akaupitisha kwa mwingine. Maana yake ni kwamba ungetoka ofisini kwa notari ukiwa na yuro 6,000 mkononi, nyumba ikiwa ya ndugu yako, na wewe ukiwa bado mrithi ambaye wadai wa baba wana haki ya kumdai. Kodi nayo ingehesabiwa mara mbili, kwanza kwako kama mrithi, kisha kwa yale uliyomwuzia yeye. Sisemi kwamba ndugu yako amekusudia kukudhulumu, kwa kuwa watu wengi wa Uhispania kwenyewe hawalijui jambo hili. Lakini madhara yake ni yale yale, awe amekusudia au hakukusudia.

Ili uone kwa nini jambo hili ni zito, inafaa kwanza tuondoe dhana ambayo wengi wetu tuliokulia pwani tunakuja nayo. Kwetu, iwe kwa Kadhi au kwa mahakama za Kenya na Tanzania, tumezoea kwamba mtu akifa huteuliwa msimamizi wa mirathi, madeni hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Mali isipotosha, mdai hukosa, na mtoto wa marehemu haguswi mfukoni mwake. Sheria ya kawaida ya Uhispania ina msingi mwingine. Kwa kawaida hakuna msimamizi anayesimama katikati. Mrithi anayekubali moja kwa moja bila sharti huingia mahali pa marehemu, na kifungu cha 1003 kinamfanya awajibike kwa madeni yote, kwa mali aliyorithi na pia kwa mali yake mwenyewe. Nyumba yako ya Getafe imo ndani ya maneno hayo. Zaidi ya hapo, kifungu cha 1084 kinampa mdai ruhusa, baada ya mirathi kugawanywa, kumdai mrithi yeyote mmoja aliyekubali kwa njia hiyo deni lote zima, si nusu yake, na kumwachia mrithi huyo kazi ya kumtafuta mwenzake.

Ninaitaja sheria ya kawaida kwa makusudi, kwa sababu Uhispania haina sheria moja ya mirathi. Aragón, Navarra na Nchi ya Basque zimeweka mpaka ili mrithi asilipe zaidi ya alichorithi, na Catalonia ina kanuni zake. Baba yako alikuwa mtu wa Granada aliyeishi na kufia Málaga, kwa hiyo, kwa maelezo uliyonipa, sheria inayomhusu ni Código Civil. Hata hivyo mweleze notari historia yote ya makazi yake, kwa kuwa mtu anayehamia eneo lenye sheria yake na kukaa huko miaka kumi mfululizo bila kutamka vinginevyo huchukua sheria ya eneo hilo.

Sasa tuzihesabu zile namba zako, maana uamuzi mzuri huanzia hapo. Mali unayoijua ni yuro 197,400. Madeni uliyoonyeshwa, nikiacha ile faini, ni yuro 166,500. Faini ya ofisi ya kodi nimeiacha kwa sababu sheria ya jumla ya kodi ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba kodi anayodaiwa marehemu hupita kwa warithi wake, lakini adhabu haipiti. Kwa hiyo kwenye karatasi zinabaki yuro 30,900, na nusu yako ni yuro 15,450 kabla ya gharama za notari, usajili na kodi ya manispaa juu ya ongezeko la thamani ya ardhi. Hivyo basi, mbele ya macho yetu huu si urithi uliozama katika madeni, na kuukataa leo huenda kukawa kutupa haki yako. Lakini ile dhamana ya rafiki wa baba inaweza kuupindua. Wajibu wa mdhamini haufi pamoja naye. Iwapo alidhamini yuro 60,000 na rafiki yake akashindwa kulipa, hesabu nzima inaingia katika upungufu wa yuro 29,100, na kwa mujibu wa vifungu nilivyovitaja upungufu huo unaweza kukufikia wewe peke yako.

Ndiyo maana swali lako, nikatae au nikubali, linakosa njia ambayo mimi naiona kuwa ndiyo yako. Sheria inampa mrithi haki ya kuomba orodha rasmi ya mali na madeni itengenezwe na notari, na inampa nafasi mbili juu ya orodha hiyo. Nafasi ya kwanza ni kukubali urithi kwa faida ya orodha, ambayo wao huiita beneficio de inventario: wadai hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, mali yako binafsi haichanganywi nayo, na wewe unachukua kitakachobaki, kama kipo. Nafasi ya pili, ambayo watu wengi hawaambiwi, ni kuomba orodha kwanza kabla hujakubali wala kukataa, kisha uamue baada ya kuiona. Hiyo inaitwa derecho de deliberar, nayo imo katika kifungu cha 1010. Nakushauri uombe hii ya pili. Notari atawaita wadai, orodha itaanza ndani ya siku 30 baada ya wao kuitwa na kumalizika ndani ya siku nyingine 60, na ikishakamilika utakuwa na siku 30 za kutamka kama unakubali, unakubali kwa faida ya orodha, au unakataa. Weka alama nyekundu kwenye tarehe hiyo ya mwisho, kwa sababu ukizipitisha siku hizo 30 kimya, sheria itakuhesabu kuwa umekubali bila sharti. Katika orodha hiyo usifiche kitu unachokijua, hata kama ni kidogo, kwa kuwa mrithi anayeacha kitu kwa makusudi hupoteza kinga yote.

Njia hii ina gharama na karatasi zake, na hakuna anayeweza kukulaumu ukiona ni mzigo. Nimeipima na hali yako nikaona gharama hiyo ni ndogo kuliko hatari ya kukubali bila kujua au hasara ya kukataa bila kujua. Kumbuka kwamba neno la mwisho, likishatamkwa, halirudishwi: kukataa na kukubali vyote viwili ni vya kudumu, ila ithibitike kwamba ulidanganywa au ulilazimishwa, au uibuke wasia ambao haukujulikana. Vilevile huwezi kukubali nyumba na kukataa madeni, wala kukubali kwa sharti au kwa muda.

Wakati unajiandaa, jihadhari na matendo yako ya kila siku, maana sheria hii inakubali pia kwamba mtu anaweza kukubali urithi kwa vitendo bila kusema neno. Mazishi uliyolipia hayakudhuru kitu. Kifungu cha 1894 chenyewe kinawabebesha gharama hizo wale ambao wangelazimika kumtunza marehemu akiwa hai. Kuomba vyeti, kuuliza benki, au kuziba bomba linalovuja ndani ya nyumba ni matendo ya kuhifadhi mali, nayo hayahesabiwi. Lakini gari usilichukue, hata kwa kuazima. Kulitumia au kuliandikisha kwa jina lako kunaweza kusomwa kuwa umekubali, na pia kunakufanya uwe mrithi mwenye mali ya marehemu mkononi, ambaye siku zake 30 za kuomba orodha huanza kuhesabiwa tangu alipojua kuwa yeye ni mrithi. Siku hizo, katika hali yako, zimekwisha pita. Kwa sababu hiyo hiyo, mjibu yule mpangaji kwa maandishi kwamba hujaamua kuhusu urithi na kwamba huwezi kupokea fedha zake, na ule ufunguo wa nyumba mtajie notari siku ya kwanza kabisa, umweleze ulivyoupata na kwamba hukukaa wala kuondoa kitu humo.

Hebu tuje kwa watoto wako, jambo ambalo hukuniuliza, ingawa ndilo lililonifanya niandike jawabu refu. Hapa tofautisha hali mbili. Kama hakuna wasia, na wewe ukakataa peke yako bila malipo na bila kumtaja mtu, fungu lako linamwongezea ndugu yako, na watoto wako hawaingii, kwa kuwa mtoto hawezi kumwakilisha mzazi aliye hai aliyekataa. Lakini kama wewe umekataa na ndugu yako naye akakataa, kifungu cha 923 kinashuka daraja moja na kuwaita wajukuu kwa haki yao wenyewe, na wajukuu wa baba yako ni hao wawili tu. Nimeona familia ambazo wazazi walidhani wamemaliza, kumbe barua za benki zikaanza kuja kwa majina ya watoto. Ikifikia hapo, binti yako mwenye miaka 16 anaweza kukataa bila kupitia kwa jaji iwapo yeye mwenyewe ataridhia katika hati ya notari, lakini kwa mvulana wa miaka 9 wewe na mume wako mtalazimika kuomba idhini ya jaji, ambaye atamsikiliza pia mwanasheria wa serikali anayelinda maslahi ya watoto. Jaji akikataa kutoa idhini, urithi wa mtoto unaweza kukubaliwa kwa faida ya orodha tu, kwa hiyo sheria haimwachi mtoto azame.

Kuna jambo moja hapa linaloweza kukupa utulivu. Ndugu yako kuuza majokofu na meza za mkahawa ni tendo la mwenye mali, na kwa jinsi ulivyolieleza, inawezekana sana kwamba yeye amekwisha kukubali urithi kwa vitendo na hawezi tena kuukataa, na hapo zamu haiwafikii watoto wako hata wewe ukikataa. Tendo lake linamfunga yeye, halikufungi wewe, kwa sababu kila mrithi huamua peke yake. Hifadhi ujumbe wowote aliokuandikia kuhusu mauzo hayo.

Karatasi ya notari anayokutishia ipo kweli, ila haiwezi kukulazimisha kukataa. Kifungu cha 1005, kama kilivyorekebishwa mwaka 2015, kinamruhusu mtu yeyote mwenye maslahi, ndugu yako au hata benki, kumwomba notari akutake useme ndani ya siku 30 za kalenda, ukihesabu na Jumamosi na Jumapili, kama unakubali, unakubali kwa faida ya orodha au unakataa. Ukinyamaza, umekubali bila sharti. Catalonia ni kinyume, kwa kuwa huko anayenyamaza huhesabiwa amekataa, na ndiyo sababu hupaswi kufuata ushauri wa rafiki aliyefiwa Barcelona. Ikija karatasi hiyo, ipokee na uende kwa notari wako wiki hiyo hiyo.

Kuhusu kodi ya mirathi, hofu uliyotiwa haina msingi mkubwa. Kodi hii hufuata eneo alikoishi marehemu, na Andalucía, jimbo lenye Málaga, imewapa watoto msamaha wa msingi unaofika yuro 1,000,000 pamoja na punguzo la asilimia 99 la kodi ya kinachobaki, kwa hiyo kwa fungu kama lako usingetozwa kitu. Tamko lenyewe lakini linatakiwa ndani ya miezi sita tangu kifo, yaani kabla ya katikati ya Septemba, na ukitaka kuongezewa miezi mingine sita ni lazima uombe ndani ya miezi mitano ya kwanza. Orodha haitakuwa tayari mapema, kwa hiyo omba nyongeza hiyo kabla ya katikati ya Agosti. Anayekataa kwa usafi, bila malipo, hadaiwi kodi hii kabisa.

Kabla ya yote hayo, pata cheti cha kifo na, kwa kuwa siku 15 za kazi zimepita tangu kifo, omba cheti cha Últimas Voluntades kinachoonyesha kama baba aliacha wasia. Usiridhike na maneno ya ndugu yako katika hili, maana wasia ukiwepo hesabu ya nani anamfuata nani inaweza kubadilika kabisa. Pasipo wasia, notari atatoa tamko la warithi, na kuliomba tamko hilo si kukubali urithi. Ukiwa nalo utaweza kuomba Benki Kuu ya Uhispania taarifa ya CIRBE ya marehemu, ambayo huonyesha mikopo na pia dhamana alizoweka katika mabenki. Hapo ndipo ile dhamana ya rafiki itakapotoka gizani. CIRBE haionyeshi deni la hifadhi ya jamii, la kodi wala la wauzaji, kwa hiyo hayo uyaulize penyewe. Omba vilevile cheti cha rejesta ya bima za maisha. Fedha za bima humwendea aliyetajwa kuwa mnufaika hata kama wadai wa marehemu wanapiga kelele, na sheria ya bima ya mwaka 1980 inasema kwamba warithi waliotajwa kuwa wanufaika hubaki na haki hiyo hata wakikataa urithi. Watu wamekataa urithi na kuiacha bima kwa kudhani vinakwenda pamoja.

Mama yako yuko sahihi kulichukulia deni la marehemu kuwa jambo zito, nami simpingi. Lakini mwambie kwa upole kwamba wanavyuoni kwa ujumla wanasema deni la maiti linalipwa kutoka katika alichokiacha, kabla ya wasia na kabla ya mgawanyo, na mrithi halazimiki kulimalizia kwa mali yake, ingawa akijitolea ni wema mkubwa. Kukubali kwa faida ya orodha kunafanana na utaratibu huo zaidi kuliko njia nyingine yoyote ya sheria ya Uhispania: wadai wanalipwa kwanza, na kama baada ya hapo limebaki deni ambalo nafsi yako inataka kumlipia baba, utalilipa kwa kiasi unachoweza na kwa wakati wako, bila sahihi inayoweka nyumba ya watoto wako hatarini. Na mjomba mwambie kwamba kukataa mirathi hakufuti nasaba. Jina la baba na uraia aliokupa vinabaki vyako, na hakuna kifungu cha sheria wala fundisho la dini linalosema umemkana.

Kama orodha ikionyesha kwamba madeni yameizidi mali, basi ukatae, na ukatae vizuri: kwa hati ya notari yeyote, hata wa hapo Getafe, bila kupokea hata senti moja, ikiandikwa kwamba umekataa moja kwa moja na bila malipo, wala jina la ndugu yako lisitajwe.

Mwandikie ndugu yako wiki hii, kwa maneno ya dada mkubwa, umwambie kwamba hutakwenda Ijumaa, kwamba humkatalii haki yake, na kwamba unaomba orodha inayowafaa nyote wawili. Mweleze pia, kwa sababu ni damu yako na inaonekana hana wa kumwambia, kwamba vile vitu alivyouza huenda vimemfunga kwa madeni ya baba mpaka kwenye mali yake binafsi, na kwamba anahitaji kumwona wakili wake mwenyewe kabla hajauza kitu kingine.